Usiulize kadi ina GB ngapi, uliza inasoma GB ngapi kwa sekunde

Ingia duka lolote la kompyuta Kariakoo, au Luthuli Avenue pale Nairobi, au tupia swali kwenye grupu la WhatsApp la wapenda gemu, utaona watu wanapima kadi ya grafiksi kwa kitu kimoja tu: ina GB ngapi? Muuzaji anajibu mbili, nne, nane, bei inapanda kufuata hiyo namba na mjadala unaishia hapo. Mi hili swali linaniuma kwa kweli, sababu GB za kadi zinakwambia data kiasi gani inaweza kukaa mle ndani, hazikwambii hata kidogo data hiyo inawafikia kwa spidi gani wale wanaoisubiri, yaani vikokotozi vinavyochora picha, na kwenye grafiksi hapo kwenye kufika ndo penye kazi yote.

Chukua GT 1030. Mwaka 2017 kampuni ya NVIDIA walitoa hii kadi ndogo, GB 2 za GDDR5, yaani memori ya kasi iliyotengenezwa kwa ajili ya kadi za grafiksi, njia ya memori ya biti 64, na memori yake inasafirisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 wakatoa nyingine yenye jina lile lile, GB 2 zile zile, vikokotozi 384 vile vile, ila safari hii memori ni DDR4, aina ile ile ya RAM za kompyuta, na kasi ni GB 16.8 kwa sekunde. Spidi ya chipu yenyewe ilishuka kidogo tu, kutoka megahezi 1468 hadi 1379 ikiwa imekazwa, kama asilimia 6 hivi. Kwenye gemu nyingi ile ya DDR4 inatoa karibu nusu ya fremu za mwenzake, yaani picha inazochora kwa sekunde, na mtu aliyeuliza "GB ngapi" hawezi kuzitofautisha hizo mbili akiwa kaunta, atalipa na kuondoka nayo akifika nyumbani anashangaa mbona video za YouTube zilionyesha kitu kingine.

Kazi yangu ni kuandika sheda, vile vijiprogramu vinavyoendeshwa na GPU, yaani chipu ya grafiksi, kwa kila pikseli ya kioo, na kadri ninavyokaa na hii kazi ndo ninavyozidi kuamini kwamba chipu nzuri na chipu mbovu hazitofautiani kwa wingi wa vikokotozi. Vikokotozi kuongeza ni rahisi, kila kiwanda kikipunguza ukubwa wa tranzista unapata nafasi ya vingine vingi. Kinachosumbua ni kuhakikisha kila kimoja kina data mkononi muda wote. Ni kama saiti ya ujenzi yenye mafundi ishirini wa kujenga ukuta na saidia fundi mmoja wa kubeba zege na matofali, ukiongeza fundi wa ishirini na moja umeongeza tu mtu wa kusimama.

Tatizo hili si la juzi. Mwaka 2000 ilitoka GeForce2 GTS, na hii napenda sana kuitolea mfano kwa sababu hesabu yake unaweza kuifanya kwenye karatasi. Chipu ilikuwa megahezi 200 na inachora pikseli 4 kwa kila mpigo, kwa hiyo kwa karatasi ni pikseli milioni 800 kwa sekunde. Sasa pikseli moja ya rangi za biti 32 inataka nini? Kwanza unasoma kina chake, yaani iko mbali kiasi gani na mtazamaji, ili ujue kama kuna kitu kingine kiko mbele yake, baiti 4, halafu kama inaonekana unaandika kina kipya, baiti 4, halafu unaandika rangi, baiti 4. Hizo ni baiti 12, na hapo hatujagusa teksicha, yaani zile picha zinazobandikwa juu ya maumbo. Zidisha milioni 800 kwa 12 unapata GB 9.6 kwa sekunde. Memori ya ile kadi ilikuwa na uwezo wa GB 5.3 kwa sekunde. Yaani hata kabla ya teksicha moja kusomwa chipu ilishazidi memori yake karibu mara mbili, ndo maana enzi hizo ukishusha rangi kutoka biti 32 kwenda 16 gemu ilikuwa inaruka kwa spidi, wakati hesabu zinazofanyika ni zile zile, kilichopungua ni mzigo wa barabarani tu.

Wahandisi walijua. ATI, washindani wa NVIDIA, mwaka huo huo kwenye Radeon ya kwanza waliweka kitu walichokiita HyperZ, ambacho kinabana data za kina, kinafuta eneo zima la kina bila kuandika kila pikseli, na kinakagua vipande vizima vya kioo ili kutupa mapema vitu vilivyofichwa nyuma ya vingine. NVIDIA mwaka uliofuata kwenye GeForce3 waliigawa njia ya memori ya biti 128 kuwa njia 4 za biti 32 zinazojitegemea, kwa sababu ukihitaji kitu kidogo halafu ukalazimika kuchota kupitia njia pana, sehemu kubwa ya ulichochota unakimwaga. Angalia vizuri hivi vitu: hakuna hata kimoja kinachoongeza hesabu. Vyote ni mbinu za kupunguza safari.

Na kwanini memori isiongezwe tu spidi ikalingana na chipu? Inaongezwa, lakini inaachwa nyuma kila mara, na kuna sababu za kifizikia ambazo haziondoki kwa kutaka. Moja ni kwamba vikokotozi vinajaa kwenye eneo lote la chipu ila waya za kwenda memori zinatokea pembezoni, ukipanua chipu eneo linakua haraka kuliko mzunguko wake. Nyingine ni umeme, na hii kwangu ndo kubwa zaidi. Mwaka 2014 Mark Horowitz wa Stanford aliweka mezani makadirio ambayo mpaka leo yananukuliwa kila mahali, ya teknolojia ya nanomita 45: kuzidisha namba mbili za desimali za biti 32 kunakula pikojuli 3.7 (kipimo kidogo sana cha nishati), kuzijumlisha pikojuli 0.9, ila kusoma biti 64 kutoka kwenye DRAM, yaani memori kuu iliyo nje ya chipu, kunakula pikojuli 1300 hadi 2600. Ukichukua hata hiyo ya chini, safari moja ya kwenda memori ni umeme wa kuzidisha kama mara 350. Teknolojia ya leo imeshusha namba zote, lakini hesabu zimeshuka haraka zaidi kuliko safari kwa hiyo pengo halijaziba, limepanuka.

Kwa hiyo anayebuni GPU ana swali moja analirudia kila asubuhi: kwa kila baiti moja itakayofika kutoka memori, niweke uwezo wa kufanya hesabu ngapi? Ukiweka chache memori inakaa bure, ukiweka nyingi vikokotozi vinakaa bure, na vyote viwili umevilipia. Ugumu ni kwamba jibu linategemea programu. Ile hesabu ya kawaida kabisa ya kuchukua safu mbili za namba, moja unaizidisha kwa kitu fulani halafu unaijumlisha na nyingine, kila hatua inafanya hesabu 2 na inagusa baiti 12, unasoma 4 na 4 na unaandika 4. Kuzidisha matriksi kubwa, yaani majedwali ya namba, ni kinyume, namba moja ukishaileta inatumika tena na tena mara mamia. Mwaka 2009 Samuel Williams, Andrew Waterman na David Patterson pale Berkeley walilichora hili kwenye grafu inayoitwa Roofline, mstari unaopanda mshazari halafu unalala, ukiwa kwenye mshazari memori ndo inakubana, ukiwa kwenye ule uliolala vikokotozi ndo vinakubana. Mimi sijawahi kuona mchoro rahisi hivo ukisema mambo mengi hivo, na nashauri kila anayeandika programu za GPU auchore wa kadi yake mwenyewe na aubandike ukutani.

Turudi kwenye namba za kadi. Ile GT 1030 ya GDDR5 ukigawa uwezo wake wa hesabu, kama teraflopu 1.13 (teraflopu moja ni hesabu trilioni moja kwa sekunde), kwa GB 48, unapata hesabu kama 23 kwa kila baiti. Ile ya DDR4 unapata kama 63. RTX 3090 ya mwaka 2020 ina teraflopu 35.6 na GB 936 kwa sekunde, hiyo ni 38. Halafu njoo kwenye RTX 4090 ya mwaka 2022, teraflopu 82.6 kwa GB 1008, unapata 82! Yaani ukiangalia uwiano peke yake, 4090 ina hali mbaya kuliko ile GT 1030 ya DDR4 tunayoilalamikia, na bado ni moja ya kadi zenye nguvu kuliko zote za kizazi chake. Siri iko kwenye kashe, ile memori ndogo ya kasi iliyo ndani ya chipu yenyewe. RTX 3090 ilikuwa na kashe ya ngazi ya pili ya MB 6, kwenye 4090 wakaipandisha mpaka MB 72, kwa hiyo sehemu kubwa sana ya maombi ya data yanajibiwa humo humo ndani ya chipu bila kutoka nje. GT 1030 haina hata MB 1 ya kashe hiyo, kila kitu lazima kiende barabarani na barabara yenyewe ni nyembamba. Kukosa uwiano kulikolipiwa na kukosa uwiano kulikopunguziwa gharama ni vitu viwili tofauti.

AMD, mshindani wa NVIDIA, ndo walitangulia njia hiyo kwa kishindo. RX 6800 XT ya mwisho wa 2020 ilikuja na njia ya biti 256 na GB 512 kwa sekunde wakati mshindani wake RTX 3080 alikuwa na biti 320 na GB 760, na bado wakapigana sawa kwenye gemu nyingi, kwa sababu AMD walitenga eneo kubwa la chipu kwa kashe ya MB 128. Ni uamuzi wa ujasiri sana, lile eneo wangeweza kuweka vikokotozi vingi wakatangaza teraflopu kubwa zaidi kwenye boksi. Ila kashe nayo ina mwisho wake: fremu moja ya 4K, rangi tu, ni pikseli 3840 kwa 2160 mara baiti 4, karibu MB 33, ongeza kina, ongeza zile tabaka za kati ambazo gemu za kisasa zinachora kabla ya picha ya mwisho, unaona jinsi inavyojaa. Ndo maana ukipandisha resolusheni kadi za aina hii zinaanza kuachwa na zile zenye njia pana.

Njia nyingine ni kupanua barabara yenyewe. Fury X ya AMD mwaka 2015 iliweka memori ya HBM pembeni kabisa ya chipu, zimeunganishwa kwa njia ya biti 4096, GB 512 kwa sekunde, lakini ukubwa ulikuwa GB 4 tu. Na hapa niseme ukweli upande wa pili, GB za ukubwa nazo zina maana, gemu ikizidi kile kinachoingia kwenye kadi inabidi data zianze kuvutwa kutoka RAM ya kompyuta kupitia sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye bodi, na PCIe 3.0 yenye njia 16 inatoa kama GB 16 kwa sekunde upande mmoja, kutoka mamia unadondoka mpaka hapo, gemu inaanza kukwamakwama. Ukubwa ni kizingiti, ukishatosha, kuuongeza hakukupi fremu hata moja zaidi.

Sasa hata ukiwa na barabara pana bado kuna kusubiri. Ombi la data kwenda memori ya nje linachukua mamia ya mipigo ya chipu kabla ya kurudi. CPU inapambana na hilo kwa kubashiri na kwa kashe, GPU inapambana kwa wingi wa kazi: kundi moja la thredi (nyuzi ndogo za kazi, mfano moja kwa kila pikseli) likikwama kusubiri data, chipu inaliweka pembeni papo hapo na kuendelea na kundi lingine, likikwama hilo inachukua la tatu. Ili kubadilisha kundi kusichukue muda, rejista za thredi zote, yaani vile vihifadhi vidogo vya namba zinazotumika sasa hivi, zinakaa mle ndani muda wote, na ndo utaona kitu kinachowashangaza wengi, kwenye A100, GPU ya NVIDIA ya seva, kila kiini kina KB 256 za rejista wakati kashe yake ya ngazi ya kwanza ni KB 192. Rejista zimezidi kashe! Zote pamoja kwenye viini 108 ni MB 27.

Na hapa ndo mwandishi wa sheda anaingia kwenye mizani bila kujua. Hizo KB 256 ni rejista 65,536 za biti 32, na kiini kinaweza kubeba thredi 2,048, kwa hiyo kila thredi ikitumia rejista 32 zote zinaenea. Ukiandika sheda inayotaka 64, zinaingia thredi 1,024, ukitaka 128 zinabaki 512. Sheda yako inaweza kuwa na hesabu nzuri sana, imepangwa vizuri, lakini kwa sababu inashika vitu vingi mkononi kwa wakati mmoja, chipu inakosa makundi mengine ya kuendesha wakati hili linasubiri memori, na spidi inashuka. Kuna wakati kukokotoa kitu upya mara mbili ni bora kuliko kukihifadhi. Mtu aliyejifunza programu kwenye CPU linamkera hili, tumefundishwa usirudie hesabu, hifadhi jibu, ila kwenye GPU kuhifadhi ndo kunaweza kuwa ghali.

Mpangilio wa data nao usiudharau. Thredi 32 za kundi moja zikisoma namba 32 zilizopangana, hizo ni baiti 128, zinakuja kwa mkupuo. Zikisoma namba zile zile zikiwa zimetawanyika, memori haitoi baiti 4, inatoa vipande vya baiti 32, kwa hiyo unavuta baiti 1,024 kutumia 128, sehemu saba kati ya nane za barabara umezitupa.

Ila sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye hii historia ni vigae. Mwaka 2001 ilikuwepo kadi inaitwa Kyro II, chipu iliyobuniwa na watu wa PowerVR Uingereza na kutengenezwa na STMicroelectronics. Ilikuwa megahezi 175, memori ya kawaida ya SDR, GB 2.8 kwa sekunde, yaani nusu tu ya GeForce2 GTS, na ilikuwa ya bei rahisi. Kwenye gemu kadhaa ilikuwa inaifikia au kuipita. Haikuwa na miujiza, ilibadilisha mpangilio wa kazi tu. Kadi za kawaida zinachukua pembetatu moja zinaichora kwenye memori, zinachukua nyingine zinaichora, kama ya pili imefunika ya kwanza basi kazi na safari ya kwanza imepotea bure. Kyro ilikuwa inakusanya pembetatu zote za fremu kwanza, inagawa kioo kuwa vigae vidogo, halafu inashughulikia kigae kimoja kimoja ndani ya chipu, inajua kabisa pikseli ipi itaonekana, inapaka rangi hiyo tu, na ikimaliza inaandika rangi nje mara moja. Zile baiti 8 za kusoma na kuandika kina tulizozihesabu mwanzo haziendi nje kabisa.

Soko la kompyuta za mezani liliiacha hiyo njia, kwa sababu nayo ina gharama yake, orodha ya pembetatu zote lazima ihifadhiwe sehemu kabla ya kuanza kuchora, gemu zikizidi kuwa na pembetatu nyingi orodha nayo inakuwa mzigo. Lakini wazo halikufa. Mwaka 2014 NVIDIA walileta chipu za Maxwell zikianzia na GTX 750 Ti, ambayo mpaka leo unaikuta sana kwenye kompyuta za mtumba kwa sababu inakula wati 60 tu na nyingi hazihitaji waya wa umeme wa ziada. Kasi ya memori yake ni GB 86.4 kwa sekunde, GTX 650 iliyotangulia ilikuwa na GB 80, karibu sawa kabisa, lakini 750 Ti iliiacha mbali sana. Kashe ilikuwa imetoka KB 256 mpaka MB 2. Na mwaka 2016 David Kanter, mchambuzi wa chipu, alionyesha kwa jaribio la wazi kwamba Maxwell zinachora kwa vigae, kitu ambacho NVIDIA wenyewe hawakuwa wamekitangaza. Wale watu wa PowerVR walikuwa sahihi, walitangulia tu.

Na wazo lao lilishashinda sehemu nyingine kubwa zaidi, kwenye simu. Simu nyingi za Tecno na Infinix zilizojaa mikononi mwa watu huku kwetu zina chipu za MediaTek zenye GPU ya Mali kutoka Arm, na Mali ni ya vigae, pikseli 16 kwa 16. Piga hesabu: pikseli 256, kila moja baiti 4 za rangi na 4 za kina, ni KB 2 tu, inaenea ndani ya chipu bila shida. Sababu ya kufanya hivo ni ule umeme wa Horowitz. Wahandisi wa Arm wanakadiria kwamba kila GB 1 kwa sekunde inayopita kwenda memori inakula kama miliwati 80 hadi 100. Simu haina feni, ikizidisha wati chache kwa muda inapata moto, ikipata moto inapunguza spidi, na mchezaji anaona gemu imeanza vizuri, baada ya robo saa imekuwa nzito.

Hiki kitu nimekiona kwa macho kwenye mradi mmoja wa gemu ya simu nilioitwa kusaidia. Vijana walikuwa wamepunguza pembetatu, wamerahisisha sheda, simu bado inachemka. Tatizo lilikuwa madoido ya fremu nzima, ukungu, mwanga unaosambaa, kurekebisha rangi, kila doido linaandika fremu nzima kwenye memori halafu linalofuata linaisoma tena. Kwenye kioo cha 1080 kwa 1920, fremu ni MB 8.3, mara fremu 60 ni karibu GB 0.5 kwa sekunde kuandika na GB 0.5 nyingine kuisoma, kwa hiyo kila doido linaongeza karibu GB 1 kwa sekunde, weka matano unakaribia nusu wati ya kusafirisha picha huku na huko bila kuhesabu chochote cha maana. Tuliyaunganisha madoido yale kuwa sheda moja ndefu, hesabu zikawa zile zile na hata zaidi kidogo, simu ikapoa.

Kama unatengeneza gemu za Android, haya mambo mawili yafanye leo hii: mwanzoni mwa kuchora iambie GPU ifute kigae badala ya kupakia picha ya zamani kutoka memori, na mwishoni iambie itupe data za kina isiziandike nje maana hakuna anayezihitaji tena. Ni mistari michache tu ya kodi. Na usiruke ruke kati ya sehemu moja ya kuchora na nyingine katikati ya kazi, kila ukiruka vigae vyote vinamwagwa nje na kurudishwa tena. Teksicha nazo zibane kwa ASTC, ambayo kila kipande ni biti 128 hata kiwe cha pikseli 4 kwa 4 au 12 kwa 12, kwa hiyo unaweza kushuka mpaka chini ya biti 1 kwa pikseli kutoka 32, na zinabaki zimebanwa hivo hivo mpaka zinapofika ndani ya GPU.

Siku hizi mjadala huu huu umehamia kwenye akili bandia, na nafurahi kwa sababu watu wengi sasa wanalazimika kuuelewa. FlashAttention ya mwaka 2022, ya Tri Dao na wenzake, mbinu ya kuharakisha modeli za lugha, ni wazo lile lile la vigae, badala ya kuandika jedwali kubwa la kati kwenye memori unalifanya vipande vipande ndani ya chipu, na kwenye mafunzo, ile hatua ya kurudi nyuma kusahihisha makosa, unalikokotoa upya badala ya kulisoma. Hesabu zinaongezeka, muda unapungua.

Na kwa wale wanaotaka kuendesha modeli za lugha kwenye mashine zao wenyewe, namba ni rahisi kabisa. Modeli ya vigezo bilioni 7 (zile namba ilizojifunza) kwa biti 16 ni GB 14, na ili itoe tokeni moja, yaani neno au kipande cha neno, inabidi isome vigezo vyake vyote mara moja. RTX 4090 yenye GB 1008 kwa sekunde haiwezi kuzidi tokeni 72 kwa sekunde hapo hata ungeiongezea vikokotozi mara kumi. Ibane modeli hiyo mpaka biti 4, inakuwa GB 3.5, na dari linapanda mpaka 288. Wenye seva kubwa wanacheza na mizani kwa namna nyingine, wanahudumia watu wengi kwa pamoja ili vigezo vikisomwa mara moja vitumike kwa wote.

Laptopu ya kawaida isiyo na kadi ya peke yake inatumia RAM kwa kila kitu, gemu na modeli pia. RAM moja ya DDR4-3200 inatoa GB 25.6 kwa sekunde, mbili zikifanya kazi pamoja zinatoa 51.2. Kwa ile modeli ya GB 3.5, dari ni tokeni kama 7 kwa sekunde ukiwa na RAM moja, kama 14 ukiwa na mbili, na kwenye gemu tofauti unaiona pia maana grafiksi za ndani zinaishi kwa hiyo hiyo barabara. Laptopu nyingi zinauzwa na RAM moja, GB 8 kwenye sloti moja, ya pili iko tupu. Kwenye Windows fungua Task Manager, sehemu ya memori itakuonyesha sloti ngapi zimetumika. Ukikuta imetumika 1 kati ya 2, tafuta ya pili ya saizi na spidi ile ile kabla hujafikiria kubadilisha mashine nzima, na kama RAM ya kwanza imechomelewa kwenye bodi bado jaribu kulinganisha saizi, kwa sababu ukiweka kubwa kuliko ile, sehemu iliyozidi itabaki inapita njia moja.